Joe Louis na Ali Walipokutana Kharumwa

Ushirombo,
9 Machi 1975

Bartholomeo,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni pa darasa, watoto wakinitazama, nikacheka peke yangu kama mwehu. Eti Foreman angemmaliza Marciano katika raundi mbili! Mpaka nafika nyumbani nilikuwa bado nabishana nawe kichwani. Ugali ukapoa.

Sikiliza. Katika raundi mbili za kwanza Foreman angempiga vibaya, hilo nakupa. Alivyomsukasuka Frazier kule Jamaika, nani angesimama? Lakini Marciano alikuwa mtu wa kuchosha wenzake. Alipiga mabega, alipiga mikono, alipiga popote palipokuwa karibu, na hakurudi nyuma hata hatua. Tulichojifunza Kinshasa, Ali alipomwangusha, ni nini, kama si kwamba pumzi ya Foreman ina mwisho? Ukinipa Marciano aliyefika raundi ya sita yuko kwenye miguu yake, basi mimi nakaa upande wake, nawe ukae na Foreman wako anayehema.

Sasa lile jambo. Nimekuuliza mara mbili na mara zote mbili umenijibu kwa ndondi. Mwalimu mkuu amesema wazi kwamba nikiolewa Nkome niombe uhamisho, na uhamisho unaweza kuchukua miaka. Wakati huo wote sitakuwa mwalimu. Nitakuwa mke anayesubiri karatasi. Nilisoma mpaka kidato cha sita, nikavaa buti za JKT pamoja nawe, halafu nikapewa darasa langu mwenyewe, na sasa nikiingia asubuhi nikasikia wale watoto wanasimama wote kwa pamoja, moyo wangu unaruka kila siku. Siwezi kuliacha bila kusema. Je, wewe huwezi kuishi Ushirombo? Nijibu hilo kwanza, Marciano baadaye.

Mpe mama shikamoo yangu.

Lukresia Silvesta

*

Nkome,
23 Machi 1975

Mwalimu,

Kwanza Marciano. Mikono mifupi! Foreman anamwekea kiganja usoni tu, anamshikilia pale kama mbuzi anayetaka kuingia jikoni, na mkono mwingine unafanya kazi. Kwisha.

Pili, jambo lako. Mke kumfuata mume hatukuanzisha sisi. Mitumbwi yangu iko hapa, ziwa liko hapa, mama yuko hapa na vichanja vya kuanikia dagaa, na mgongo wake hauinuki tena kama zamani. Ushirombo nitavua nini, panzi?

Lakini kwa vile unapenda ubishi, nakuletea ubishi. Mjomba Mabula, yule kaka wa mama aliye manju wa ngoma ya Bagalu, alikuwa hapa wiki iliyopita. Nikamsomea barua zako. Alicheka mpaka akamwaga togwa. Akasema, "Hawa watu wenu wa ndondi, kwa nini hamwachezeshi Kharumwa?" Ninyi Wasumbwa huenda hamjui vizuri, basi nikueleze. Baada ya mavuno, pale Kharumwa, Bagalu na Bagika hushindana. Vikundi viwili vinacheza wakati mmoja, kila kimoja uwanja wake, na hakuna hakimu. Watu wenyewe ndio hakimu, kwa miguu yao. Wanakwenda huku, wanarudi kule. Filimbi ya mwisho ikilia, penye watu wengi ndipo penye ushindi.

Mjomba anataka Sabasaba, kabla ya ngoma kubwa, mtu mmoja asimame upande huu asimulie pambano la Ali na Joe Louis akimpa Ali, na mwingine upande ule asimulie pambano hilohilo akimpa Louis. Mimi ni Ali, hilo unalijua tangu tukiwa kwenye foleni ya chakula JKT. Wewe ni Louis mpaka kaburini.

Basi tuwaachie watu wa Kharumwa. Ali akivuta watu, unakuja Nkome bila neno. Louis akivuta watu, nahamia Ushirombo, nitauza dagaa sokoni kwenu na kuitwa Mume wa Mwalimu. Umeridhika?

Wako,
Batholo

*

Ushirombo,
6 Aprili 1975

Bartholomeo,

Nimekubali.

Nimeandika neno hilo peke yake ili usije ukasema hukuliona.

Nilimsomea baba. Unamjua, ni askari wa vita vya Burma, na ndiye aliyenitia Joe Louis kichwani kabla sijajua kusoma. Niliogopa atakasirika kwa sababu ya posa. Akauliza, "Ali yupi?"

Nikamwambia, "Ndilo swali langu pia, baba."

"Huyu wa Kinshasa ni mzee mjanja," akasema. "Anaegemea kamba. Louis hampi mtu nafasi ya kuegemea kamba."

Kwa hiyo nauliza rasmi. Utamleta Ali wa mwaka gani? Mimi namleta Louis wa 1938, usiku alipomlaza Schmeling katika raundi ya kwanza. Ngumi zake zilikuwa fupi kama neno la mtu mwenye hasira. Hakuwa akirukaruka. Alikuwa akitembea, anakutembeza, mpaka unageuka unakuta kona. Umesahau Billy Conn? Conn alikuwa mwepesi kama Ali wako, akamchezea Louis raundi kumi na mbili, akaongoza. Ya kumi na tatu akajisahau akasimama kupigana. Akalala palepale. Mwepesi lazima awe mwepesi kila sekunde. Louis anahitaji sekunde moja tu.

Tena kuna la kusimama mbele ya watu. Nilidhani baba atasema mwanamke hasimami uwanjani. Akasema, "Jeshini, aliyeona ndiye anayetoa habari. Mambo ya Kharumwa waulize Wasukuma wenyewe." Basi nawauliza. Je, mjomba wako atanikubali mimi mwenyewe, au nitafute kaka wa kunisemea? Mimi nataka kusema mwenyewe.

Lukresia

*

Nkome,
27 Aprili 1975

Mwalimu wangu,

Ali wa 1966. Kabla hawajamnyang'anya mkanda, miguu yake ikiwa bado haijui uzee. Umelia? Lia.

Mjomba amekubali usimame. Kasema mwanamke akisimulia ndondi hata mbwa watakuja kutazama. Nami naongeza, watatazama kidogo, watarudi kwangu. Wewe, Lukresia, ambaye JKT ulikuwa unaitika jina lako kwa sauti ndogo mpaka afande anauliza kama umekufa! Kharumwa hakuna kipaza sauti, mama.

Hapa Nkome kila mtu amekwisha kujua. Nikipita mwaloni kwenye mitumbwi, wavuvi wananipigia saluti kama yule rais bondia, "Kampala vipi, bingwa?" nami nawaambia ni Kharumwa si Kampala. Mama amekuchagulia kichanja chako tayari, kile cha karibu na mti, kina kivuli. Anasema Louis hana ubaya, lakini hajamwona akileta samaki.

Usisahau kutafuta dawa ya kuvuta watu. Mjomba anayo yake, hatakugawia.

Batholo

*

Nkome,
1 Juni 1975

Lukresia,

Nimekuandikia, sina jibu. Mei nzima imekwisha. Kama ni ile habari ya kichanja, ilikuwa mzaha. Kama unaumwa, mwambie baba aniandikie. Kama ni kingine, sema.

Au Louis amejitoa?

Batholo

*

Ushirombo,
8 Juni 1975

Zipora mpendwa,

Wewe muuguzi huko Shinyanga unasikia siri za kila namna, basi pokea na hii. Usimwambie mtu yeyote, na Bartholomeo kuliko wote.

Louis anapigwa.

Nimelipigana pambano hili kichwani mwangu kila jioni tangu Aprili. Nimekwenda maktaba ya parokia nikasoma magazeti yote ya zamani, yale yenye vumbi. Nimempa Louis kila nafasi. Nimemfanya atembee, nimemfanya asubiri, nimemkumbusha Conn. Raundi nne za kwanza anadonolewa usoni. Ya tano namfikisha Ali kwenye kamba, nasema sasa! Na Ali anavuta kichwa nyuma, ngumi inapita hewani, akirudi Louis hamwoni tena. Tatizo ni mkono wa kushoto. Louis akishapiga na kushoto anauacha ushuke, ndivyo Schmeling alivyomkamata mwaka 1936. Ali angeliona hilo kabla kengele haijalia. Nikiwa mkweli, Ali anashinda kwa pointi, na katika raundi ya kumi anamwangusha.

Ningependa kudanganya, lakini ninajijua. Nikisema uongo sauti yangu inakufa. Bartholomeo alipendekeza mkataba huu kama mchezo, mimi nimeukubali kwa dhati. Nikishindwa nitatimiza, nitakwenda Nkome. Usiku ninasikia watoto wakisimama, "Shikamoo Mwalimu," halafu nasikia sauti ya mwalimu mwingine ikiitika.

Wewe umezaliwa Kharumwa. Niambie, watu wa kwenu wanavutwa na nini?

Wako,
Lukresia

*

Ushirombo,
15 Juni 1975

Bartholomeo,

Sijaumwa. Nilikuwa mazoezini.

Louis yuko tayari kuliko alivyowahi kuwa. Mwambie mama anikumbuke katika sala zake, maana mwanawe atahitaji nguo za baridi, Ushirombo asubuhi kuna umande.

Kwa heri mpaka Sabasaba.

Lukresia

*

Shinyanga,
22 Juni 1975

Lukresia wee,

Nimesoma barua yako wodini, mgonjwa mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia Joe Louis kapigwa. Akasema poleni sana.

Mimi ndondi sizijui, unajua hata JKT nilikuwa nalala mkiongea. Lakini Kharumwa naijua. Wewe unataka kushinda ubishi. Kharumwa hakuna ubishi, kuna miguu. Tulipokuwa watoto hatukuwahi kwenda kwa wenye haki, wala kwa wanaocheza vizuri zaidi. Tulikuwa tunasimama katikati ya viwanja viwili, tunasikiliza, na tulikimbilia kule tulikoogopa kukosa kitu. Basi. Manju akishashinda, akiwa amekaa raha mustarehe anajisifu, tulikuwa tunaondoka. Kwa nini tukae? Limekwisha.

Nimeomba ruhusa, nitakuwepo. Nitakubebea kinu cha kusimamia, nyumbani kwetu kipo kikubwa. Wabeja, asante kwa kunichekesha.

Zipora

*

Nkome,
13 Julai 1975

Lukresia,

Ulikuwa upande wako, nami upande wangu, katikati kuna mibuyu na watu elfu. Hukuona yaliyonipata. Nakueleza bila kuficha.

Nilianza vizuri. Ngoma za mjomba zilikuwa nyuma yangu, vumbi linapaa, watu wamenizunguka mpaka wengine wamepanda juu ya lori la pamba. Nikamcheza Ali kwa miguu yangu mwenyewe, huku, kule, huku, nikadonoa hewa, wanawake wakapiga vigelegele. Nikasikia watu wakisema upande wako kuna wachache, mwalimu anaongea kama yuko kanisani. Roho yangu ilifurahi na kidogo ikaniuma, nisidanganye.

Mzee Bujiku, aliyekuwa mchimbaji wa mgodi wa Geita na anayejua ndondi za kweli, alikuwa amekaa mbele yangu kabisa. Kila raundi anaitikia, "Eee! Ndivyo!" Raundi ya tisa Ali wangu alikuwa anamchapa Louis anavyotaka.

Mara akaja kijana anakimbia kutoka kwako, anapiga kelele, "Louis kaanguka! Louis kaanguka!"

Mwalimu, nilifurahi mpaka nikapoteza akili. Nikasimama juu ya kiti nikatangaza kwa sauti yangu yote, "Mmesikia? Louis kaanguka! Hata kwake mwenyewe kaanguka!" Nilidhani wote watapiga makofi. Nilidhani hata wale wako wachache watakuja kwangu.

Wakageuka. Nakwambia wakageuka kama ng'ombe waliosikia maji. Mmoja akauliza, "Ameamka?" Mwingine, "Sijui, twende." Wakashuka kwenye lori. Mzee Bujiku akainuka na fimbo yake, nikamwita, "Mzee, mbona unaniacha, Ali anashinda huku!" Akanijibu bila kugeuka, "Huyo wako hana shida, mwanangu. Huyo mwingine yuko chini."

Mjomba akanishika sikio mbele ya wapiga ngoma. "Mpumbavu! Umewatangazia mwenyewe waende!"

Nikampigania Ali raundi ya kumi mbele ya wapiga ngoma, mlevi mmoja na mbuzi. Akashinda. Mikono juu. Hakuna aliyepiga makofi. Halafu kukawa kimya, na katika kimya kile nikasikia watu wengi, wengi sana, wakisema kwa pamoja, "Tatu."

Nikamwambia mjomba naenda kuwarudisha. Huo ndio uongo wangu wa siku ile.

Nilifika nyuma ya watu wako. Walio mbele walikuwa wamekaa chini ili wa nyuma wasikie. Wewe uko juu ya kinu, husemi kwa nguvu hata kidogo. Unaeleza sakafu ya ulingo inavyonuka karibu na pua. Unaeleza anavyoona viatu vyeupe vya Ali mbali, vinasubiri. Halafu unasema namba ya hesabu ya refa, na watu wanaipokea. "Tano." Hakuna mtoto aliyelia. "Sita." Mama yangu mwenyewe alikuwa pale, Lukresia, ameshika kanga mdomoni, analia, "Amka baba, amka mwanangu, amka!" Yule aliyesema hajamwona Louis akileta samaki!

Nami nilikuwa nimekunja ngumi. Nilitaka ainuke. Sijui hata jinsi ya kukueleza jambo hilo, mimi wa Ali.

"Nane." Filimbi ikalia.

Wahesabuji wa watu wakapita. Mmoja akanigusa bega akaendelea, "Na huyu." Nimehesabiwa upande wako. Ndiyo maana sikuja kukusalimia, niliona haya, nikapanda lori la kwanza.

Nilikuwa nimepanga kukuandikia kwamba ule mkataba ulikuwa utani. Ulikuwa utani kweli nilipouandika. Nilidhani nawe unacheza. Jana niliisoma tena ile barua yako ya Machi, pale uliposema watoto wanasimama, na safari hii sikuruka mstari. Mdogo wangu Masele atashika mitumbwi. Mama anasema atakuja mvua zikiisha aone hiyo Ushirombo isiyo na ziwa. Nitaleta dagaa magunia matatu kuanzia soko.

Nakuja.

Batholo

*

Ushirombo,
20 Julai 1975

Bartholomeo,

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Nimecheka, nimelia, nimetoka nje nikazunguka nyumba mara mbili, baba akaniuliza kama nimeumwa na siafu.

Furaha hii siwezi kuila peke yangu nikiwa nimekuficha kitu. Sikiliza. Ali alishinda. Nilijua tangu Juni. Nilikuandikia kwamba Louis yuko tayari, na siku hiyohiyo nilijua mkono wake wa kushoto utamponza. Nilimwangusha kwa sababu ndipo pambano liliponifikisha, sikupata njia nyingine ya kusimama pale na kusema kweli. Zipora alinifungua macho kwamba watu hukimbilia penye hofu. Lakini sikupanga filimbi ilie wakati ule. Ingechelewa kidogo ningefika kumi, na angekuwa bado chini, na watu wako wangekurudia.

Kwa hiyo ukikaa ukafikiri, umeshindwa na mtu aliyeshindwa. Sitaki uje Ushirombo kwa sababu ulihesabiwa vibaya. Mkataba nakurudishia. Sasa unajua yote ninayojua, na unajua ninachotaka, maana nilikuambia kabla ya mkataba wowote. Ukija, uje kwa hilo.

Ukiamua kutokuja, niandikie mapema. Nisikie kwako, nisisikie kwa kimya.

Lukresia

*

Geita, kwenye maegesho ya malori,
2 Agosti 1975

Wewe mwanamke,

Nakuandikia juu ya gunia la dagaa, karatasi inanuka, vumilia. Barua yako ilinikuta nafunga mizigo na imenikasirisha sana.

Nani kakwambia Ali alishinda? Ulikuwa juu ya kinu, macho yako yalikuwa kwa watu. Utaona nini? Mimi nilikuwa nyuma pale, nilimtazama Louis tu. Ulipotaja nane alikuwa amekwisha kushika kamba. Goti moja lilikuwa juu, Lukresia. Goti moja lilikuwa juu! Muulize mama. Muulize mzee Bujiku, naye aliliona. Alikuwa anainuka, na raundi ya kumi na tatu, ile ya Conn, ilikuwa bado.

Hilo tutalimaliza nikifika, na usidhani nitakubali kirahisi. Dereva anapiga honi, anasema jua likizama tutakuwa tumevuka Kharumwa. Muulize baba kama kuna mahali pa kuweka magunia pasipovuja.

Mume wa Mwalimu